Meza ya Fundi: vipuri na michoro ya amplifaya ya hedifoni

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza jambo moja: amplifaya ndogo ya hedifoni ya kujitengenezea. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa na wengine. Mchoro unaotajwa zaidi ni CMoy, uliotolewa bure na Chu Moy mwishoni mwa miaka ya 1990, ambao watu wengi huujenga ndani ya kopo la peremende. Ni mwepesi kwa anayeanza na una vipuri vichache, ila una udhaifu wake, na karibu kila tatizo mlilotuandikia linatokana na udhaifu huo.

Nina hedifoni za Beyerdynamic DT 990 za omu 250, nilitumiwa na kaka yangu. Nikizichomeka kwenye simu zinasikika chini mno. Kila mchoro ninaoukuta una namba tofauti. Nianze na upi, na ninunue nini hasa? (Msomaji, Mwanza)

Anza na CMoy ya betri moja ya volti 9, lakini usiichukue kama ilivyoandikwa mwanzoni. Mchoro wa asili unakuza sauti mara 11. Betri ya volti 9 ikigawanywa nusu kwa nusu inakupa kama volti 3 za kilele kwenye hedifoni, basi. Simu yenyewe inatoa karibu nusu volti hadi volti moja. Ukikuza mara 11 utafika mwisho wa betri voliumu ikiwa robo tu, na sauti itaanza kukwaruza. Kwa hedifoni zako mara 3 inatosha kabisa.

Vipuri ni hivi: opampu (aisii ya kukuza sauti) OPA2134PA moja pamoja na soketi ya miguu 8; rezista 100k mbili, 2.2k mbili, 1k mbili na 4.7k tatu, zote za robo wati. Kapasita za filamu za 0.1µF mbili, kapasita za elektrolitiki 470µF za volti 16 mbili, kapasita ya seramiki ya 0.1µF moja, voliumu ya stereo ya 10k, jeki mbili za stereo za 3.5mm, swichi, taa ya LED, kishikio cha betri na kipande cha veroboda. Ukuzaji unaupata kwa kugawa 2.2k kwa 1k kisha kujumlisha 1, yaani 3.2. Baadaye ukitaka kuubadili, unabadili rezista hizo mbili tu kila upande.

Sasa waya. Rezista mbili za 4.7k ziunganishwe mfululizo toka chanya hadi hasi ya betri. Zinapokutana ndipo penye ethi yetu; tutapaita "katikati". Elektrolitiki moja inakaa kati ya chanya na katikati, ya pili kati ya katikati na hasi. Chanya inaingia mguu wa 8 wa opampu, hasi mguu wa 4, na ile seramiki inalehemiwa kati ya miguu hiyo miwili, karibu na soketi iwezekanavyo. Upande wa kushoto: sauti inatoka kwenye voliumu, inapita 0.1µF ya filamu, inaingia mguu wa 3. Mguu wa 3 unashushwa katikati kwa 100k. Kati ya mguu wa 1 na wa 2 weka 2.2k, kati ya mguu wa 2 na katikati weka 1k. Mguu wa 1 ndio unaokwenda kwenye hedifoni. Upande wa kulia ni vivyo hivyo: 5 badala ya 3, 6 badala ya 2, 7 badala ya 1. Ethi za jeki zote mbili na ya voliumu zinakwenda katikati, kamwe si kwenye hasi ya betri. Taa ya LED inakaa kati ya chanya na hasi, baada ya swichi, ikipitia ile 4.7k ya tatu. Hapo inakula kama miliampea moja na nusu.

Mchoro wa asili una elektrolitiki za 220µF. Tumepandisha hadi 470µF kwa sababu sauti za pande zote mbili zinarudi kupitia hapo, na kapasita ikiwa ndogo besi ya kushoto huvuja kulia.

Kuhusu ununuzi, usiagize kila kitu nje. Maduka ya vipuri ya Kariakoo, au ya Luthuli kwa walio Nairobi, yanahudumia mafundi wa redio na televisheni, na rezista, elektrolitiki, jeki, swichi na veroboda yanazo siku zote. Ukiwa Mwanza, mpe msafiri orodha yenye namba. Kapasita ya filamu omba ile bapa ya kijani iliyoandikwa 2A104J: 104 maana yake ni 0.1µF, 2A ni volti 100, na J ni kuwa inaweza kupishana kwa asilimia 5. Usikubali kupewa seramiki ya kahawia ya 104 kwa kazi hiyo. Hiyo ni ya miguu ya 4 na 8. Vitu viwili tu ndivyo vya kuagiza: opampu na voliumu nzuri. Wauzaji wa mtandaoni Mouser, DigiKey na LCSC wanauza opampu halisi hata moja moja. Gharama ya usafiri ndiyo inayouma, kwa hiyo changeni watu watano au sita muagize pamoja.

Fundi, duka moja limeniuzia OPA2134 kwa bei ya chini sana, maandishi yake yanafutika ukiyasugua na spiriti. Duka jingine linasema chukua NE5532 au 4558, "zote ni zile zile, miguu inafanana". Nitajuaje nilichonacho? (Msomaji, Dar es Salaam)

Miguu inafanana kweli, tabia hazifanani. Maandishi kufutika ni dalili mbaya, ila kipimo ndicho kitakachokupa jibu, na mita ya kawaida inatosha.

Kipimo cha kwanza ni umeme inaokula. Chomoa hedifoni, ondoa waya wa simu, kisha pitisha waya wa chanya wa betri kwenye mita ikiwa upande wa miliampea. Toa miliampea 1 ya zile 4.7k mbili na 1.5 ya taa. OPA2134 halisi itabaki na karibu miliampea 8. TL072, opampu nyingine ya bei ndogo, itakula kama 3, na 4558 kati ya 3 na 4. Ukiona 3 kwenye aisii iliyoandikwa OPA2134, umeuziwa TL072 au 4558 iliyochapwa jina jipya.

Lakini NE5532 nayo inakula 8, kwa hiyo kipimo hiki peke yake hakiwezi kuitofautisha na OPA2134. Fanya cha pili. Weka mita kwenye milivolti, ncha moja katikati na nyingine mguu wa 3, yaani unapima juu ya ile rezista ya 100k. OPA2134 ina transista za FET mlangoni na haivuti umeme wowote wa maana, kwa hiyo utasoma sifuri. NE5532 inavuta karibu nanoampea 200 kwa kawaida, na 200 hizo zikipita kwenye 100k zinakuwa milivolti 20. Huo ni ushahidi ambao hakuna chapa inayoweza kuuficha. Rudia kwenye mguu wa 5.

Kama ulichonacho ni NE5532 halisi, usiitupe. Ni opampu nzuri ya sauti, imetumika kwenye mixa nyingi za studio. Inachotaka ni mchoro unaoifaa. Kwanza, Texas Instruments wanaipendekezea volti 5 kila upande na kuendelea, na betri moja ya 9 inakupa 4.5 tu. Tumia betri mbili za volti 9 mfululizo. Pale zinapoungana ndipo katikati yako, na zile 4.7k mbili za kugawa umeme huzihitaji tena. Pili, badili 100k iwe 10k, na 0.1µF ya filamu iwe 1µF. Besi haipotei, maana zidisho la namba hizo mbili ni lile lile na mkato, yaani pale besi inapoanza kupungua, unabaki karibu na hezi 16, lakini milivolti 20 za mlangoni zinashuka hadi 2. Tatu, swichi iwe ya miguu 6, inayokata chanya ya betri moja na hasi ya nyingine kwa pamoja. Ukikata upande mmoja tu, opampu inabaki na betri moja na kumwaga umeme wa moja kwa moja kwenye hedifoni. Kwa namna hii unajenga amplifaya nzima kwa vipuri vya mjini bila kusubiri kifurushi.

4558 na TL072 waachie redio. Zinafanya kazi ya ndani vizuri, ila kusukuma omu 32 hazina nguvu hiyo.

Nimejenga CMoy yenye ukuzaji wa 11 na NE5532. Bila hedifoni nasoma volti 4.6 upande mmoja na 4.4 upande wa pili. Nikichomeka hedifoni za omu 32 zinageuka 7.1 na 1.9, sauti inakwaruza. Nimebadilisha rezista za 4.7k mara mbili. (Msomaji, Nairobi)

Rezista zako ni nzima, ndugu yetu. Fuata umeme. Mlangoni mna milivolti 20, kama tulivyomweleza msomaji wa Dar es Salaam. Opampu inazikuza mara 11, kwa hiyo kwenye kutokea inataka kuweka milivolti 220 zisizo sauti, umeme mtulivu tu. Bila hedifoni hakuna pa kupitia, mambo yanaonekana sawa. Ukichomeka omu 32, milivolti 220 zinataka karibu miliampea 7 kila upande, jumla 14, na zote zinapita katikati. Zile 4.7k mbili kwa pamoja haziwezi kutoa hata miliampea 2. Kwa hiyo katikati inaburutwa hadi opampu ifike mwisho wa umeme wake, na ndipo unaposoma 1.9.

Dawa ya uhakika ni OPA2134 na ukuzaji wa 3.2. Hata ile OPA2134 mbaya kuliko zote zinazopita kiwandani ina milivolti 2 tu za kupotoka, mara 3.2 unapata 6.4, na katikati haitasogea hata volti moja. Ukitaka isisogee kabisa, ondoa 4.7k mbili na uweke TLE2426, kipuri cha miguu mitatu kama transista ndogo, ambacho kazi yake ni kugawa umeme nusu kwa nusu na kinahimili hadi miliampea 20. Elektrolitiki ziache mahali pake. Kama una NE5532 tu, rudi kwenye jibu lililotangulia: betri mbili.

Na wote mnaojenga: kabla hedifoni haijagusa jeki, pima kati ya mguu wa 1 na katikati, kisha mguu wa 7 na katikati. Halafu weka rezista ya omu 33 mahali pa hedifoni kila upande, upime tena. Zaidi ya milivolti 20, usichomeke. Koili ya hedifoni ni waya mwembamba kuliko unywele na haina fundi wa kuirudishia.

Voliumu yangu nikiigusa kidogo tu inapasuka masikio, kisha toka hapo hadi mwisho haiongezeki. Imeandikwa B10K. (Msomaji, Mombasa)

Tatizo ni hiyo herufi B. Kwenye voliumu nyingi zitokazo Asia, B ni ile inayopanda sawasawa, A ndiyo inayofuata sikio. Omba A10K ya stereo. Madukani B zimejaa kwa sababu hutumika kwenye kazi nyingine nyingi. Usipopata A, tafuta B50K ya stereo na ulehemu rezista ya 10k toka mguu wa kati hadi ethi, kila upande. Ukiigeuza nusu ya mzunguko itakupa kama asilimia 22 ya sauti badala ya 50, na mkono utasikia tofauti mara moja.

Nimechoka kununua betri. Nimeunganisha amplifaya kwenye USB ya laptopu. Ikiwa peke yake taa inawaka vizuri. Nikiingiza sauti kutoka laptopu hiyo hiyo, inakwaruza vibaya na kipuri cha TLE2426 kinaunguza kidole. Nimefunga vibaya wapi? (Msomaji, Morogoro)

Hujafunga vibaya ndani. Tatizo liko nje. Ethi ya jeki ya sauti ya laptopu na hasi ya USB yake ni kitu kimoja ndani ya mashine. Amplifaya yako inasema ethi ya jeki iko katikati, volti 2.5 juu ya hasi. Waya wa sauti unapoingia, katikati na hasi vinagusana kupitia laptopu, nusu ya chini ya umeme inauawa, na TLE2426 inapigana kuirudisha mpaka inachemka. Ndivyo inavyokuwa pia ukitumia chaja moja kwa simu na amplifaya huku simu ikipiga muziki. Chomoa sasa hivi.

Volti 5 zenyewe pia ni chache: 2.5 kila upande ndicho kiwango cha chini kabisa cha OPA2134, hakuna nafasi ya muziki.

Betri hazilazimiki kuisha haraka. Angalia namba ubavuni: 6F22 ni ile ya kawaida ya bei ndogo, 6LR61 ni alkalaini. Amplifaya hii inakula miliampea 10 hadi 15, kwa hiyo alkalaini nzima inakwenda saa 30 hadi 40. Za kuchaji za NiMH zina kama miliampea-saa 200 na zinakupa saa 15 hivi. Nunua yenye volti 8.4, siyo 7.2. Mbili za kuchaji, moja ikiwa kazini na nyingine kwenye chaja, zinamaliza habari hiyo.

Nina uzoefu wa kulehemu na nataka kujenga amplifaya ya hedifoni iitwayo O2. Nimepata michoro na faili za bodi. Adapta ya volti 15 niliyonunua hapa inawasha taa kisha hakuna sauti. (Msomaji, Muscat)

O2 ilitolewa mwaka 2011 na mtu aliyejiita NwAvGuy, na ni mchoro uliopimwa kwa makini kuliko yote ya bure tunayoijua. Ndani mna opampu tatu: NJM2068 moja ya kukuza, NJM4556A mbili za kusukuma hedifoni, na sehemu ya kulinda betri mbili za volti 9. Masharti yake ni kwamba huruhusiwi kusambaza mchoro uliobadilishwa; ukiujenga kama ulivyo hakuna neno. Faili za bodi ukizituma kwa JLCPCB, kiwanda cha kutengeneza bodi, oda ya chini ni bodi 5, kwa hiyo tafuta wenzako wanne.

Adapta yako bila shaka ni ya DC. O2 inataka AC. Diodi moja inachukua nusu ya juu ya wimbi kutengeneza chanya, nyingine nusu ya chini kutengeneza hasi. Ukiilisha DC, upande mmoja tu unapata umeme, na sehemu ya kulinda betri inazima sauti, vizuri kabisa, maana bila hiyo hedifoni zingepigwa. Soma kibandiko: panapoandikwa OUTPUT pawe na alama ya wimbi, ~, au herufi AC. Alama ya mstari mnyoofu wenye vistari chini yake ni DC. Volti ziwe kati ya 12 na 20, miliampea 200 au zaidi.

Adapta za AC ni adimu madukani. Mahali pengi zinapatikana zikiwa na simu za mezani za zamani zisizo na waya au modemu za zamani. Pekua masanduku ya mitumba ukiwa na mita mkononi. Pima ikiwa haina mzigo, maana ya volti 15 itasoma 18 au 19. Hilo ni sawa. Ikizidi 20, iache.

Aisii yangu inapata moto bila muziki, na sauti ina shshsh juu yake. Pia nikiweka simu pembeni nasikia trrr trrr. (Msomaji, Arusha)

Ni mambo mawili. Aisii kupata moto bila muziki ni kutetema: inapiga mawimbi ya juu mno ambayo sikio halisikii. Sababu ya kwanza ni ile seramiki ya 0.1µF kukosekana, au kuwekwa sentimita tano mbali na soketi. Sababu ya pili ni waya mrefu kutoka mguu wa 2 au wa 6. Rezista zinazofika hapo zilehemiwe zikigusa soketi. Ikiendelea, weka rezista ya omu 47 kati ya mguu wa 1 na jeki, na nyingine kati ya 7 na jeki. Kwa hedifoni za omu 250 hutasikia tofauti. Kwa za omu 32 besi inaweza kulegea kidogo.

Trrr trrr ni simu inayoongea na mnara. Kopo la chuma linaizuia, mradi kopo liguse katikati. Jeki zenye shingo ya chuma zinafanya hivyo zenyewe, kwa hiyo hakikisha ganda la betri na chini ya bodi havigusi kopo: kata kipande cha plastiki cha faili la ofisi, ukitandike chini kabla ya kufunga skrubu.